Picha Nyeusi na Nyeupe kwa Kamera ya Mkanda, Ufukoni mwa Mji wa Lamu: Mwongozo Kamili

Lamu haina shida ya mwanga. Shida yake ni kwamba mwanga umezidi. Mji uko digrii 2 na kidogo kusini mwa ikweta, na saa sita mchana jua linakaa utosini. Simama gatini wakati huo uangalie: mzee kavaa kanzu nyeupe pepepe, mama kapita na buibui jeusi tititi, ukuta umepakwa chokaa, mlango uko wazi na ndani hakuonekani kitu, na maji ya mkondo wa Manda yanametameta hadi macho yanauma. Vyote hivyo unavitaka kwenye picha moja, na kila kimoja kibaki na umbo lake.

Dawa yake ni ya zamani na bado inafanya kazi. Unaupa mkanda mwanga mwingi kidogo kuliko ulioandikwa kwenye boksi, ili vyeusi viandikike, kisha unaupunguzia muda wa kusafishwa, ili vyeupe visiungue. Karibu kila ninachoeleza hapa chini kinarudi kwenye mambo hayo mawili.

Mkanda na kamera

Chukua mkanda wa ISO 400; ISO ni kipimo cha wepesi wa mkanda kupokea mwanga, na namba ikiwa kubwa unahitaji mwanga mdogo. Ilford HP5 Plus na Kodak Tri-X zote zinafaa, kwa sababu ni mikanda mivumilivu: ukikosea kupima mwanga kidogo, bado unapata picha. Wako watakaokwambia jua la pwani linataka mkanda wa polepole, FP4 Plus ya ISO 125 kwa mfano. Wana hoja, kama kazi yako ni majahazi na mawingu tu. Chembe zake ni laini na ukitaka kufungua lenzi mchana utaweza. Lakini mpigapicha wa Lamu hakai juani siku nzima. Ukitoka gatini hatua chache tu umeshaingia kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani, na humo ISO 125 itakulazimisha upige kwa shata (muda kamera inaofunguka) ya sekunde 1/15 huku umeshika pumzi. T-Max 100 na Delta 100 ni mikanda mizuri, ila haisamehi makosa ya kupima wala joto la dawa, na hapa joto la dawa ndilo litakalokusumbua kuliko yote.

Kama hutaki kusafisha mwenyewe, ipo Ilford XP2 Super. Ni nyeusi na nyeupe, lakini husafishwa kwa dawa za mkanda wa rangi, zile za C-41, kwa hiyo maabara inayosafisha mikanda ya rangi inaipokea. Iweke ISO 200, umpe fundi, basi. Sehemu ya kusafisha hapo chini itakuwa haikuhusu.

Nunua mikanda yote kabla hujasafiri. Usitegemee kuikuta kwenye maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Ukija kwa ndege utashukia kisiwa cha Manda kisha uvuke kwa boti. Mikanda iwe kwenye begi la mkononi, kamwe isiwe kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege, na kwenye uwanja wenye mashine mpya za CT, ambazo mionzi yake huharibu mkanda, omba kwa adabu ikaguliwe kwa mkono. Ukija kwa basi hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, adui ni joto. Usiitie kwenye buti la basi. Ifunge kwenye kitambaa kizito katikati ya nguo, uipakate.

Kamera iwe ya kimekanika ukiipata. Pentax K1000 ina shata inayofika 1/1000, na kwa namna tutakavyouweka mkanda inatosha. Lenzi mbili: 50mm na 35mm. Hii ya pili ndiyo ya vichochoroni, maana huko huna pa kurudi nyuma.

Jua na maji

Wengi hutazama saa tu. Lamu inakudai utazame saa na maji pamoja.

Ufuko wa mji unatazama mashariki, upande wa kisiwa cha Manda. Jua linapochomoza, kama saa kumi na mbili na nusu, linapiga uso wa nyumba za mbele moja kwa moja. Huo ndio wakati wa kuupiga mji kutoka majini. Kodi mashua au panda boti ya abiria, jua likae mgongoni mwako, na kila nguzo na kila roshani itajitokeza. Ukibaki nchi kavu saa hizo ukaelekeza kamera baharini, utapata vivuli vyeusi vya milingoti na foromali (miti ya kufungia tanga) dhidi ya maji meupe. Ni picha nzuri, na kila mgeni anayo.

Mchana mambo yanageuka. Kuanzia saa tisa hivi jua linaanza kushuka nyuma ya mji, na nyumba zinatupa kivuli chao juu ya njia ya ufukoni. Hapo ndipo kazi inapoanza. Barazani kuna kivuli chepesi kinachopata mwanga wa mbingu nzima ya mashariki, na nyuso za watu zinakuwa na umbo bila kukunja macho. Wakati huohuo vyombo vilivyoko majini bado viko juani, na jua linavipiga kutoka nyuma yako. Kwa hiyo alasiri unaweza kusimama sehemu moja, ukageuka tu, ukapiga sura za watu upande huu na matanga upande ule. Kumbuka tu kubadilisha vipimo kila unapogeuka. Kwenye saa kumi na mbili na nusu jua limezama, na baada ya hapo una kama dakika ishirini kabla giza halijaingia. Magharibi yetu ni fupi.

Ngome ina saa zake. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821 ikiwa ukingoni mwa maji, na sasa, baada ya ufuko kujazwa, iko kama mita 70 ndani. Kwa hiyo jua la asubuhi huchelewa kuufikia uwanja wa Mkunguni, kwa kuwa nyumba za mbele zinaliziba. Usiende alfajiri ukasikitika. Kunywa chai kwanza.

Sasa maji. Yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Huhitaji jedwali ukijua tarehe ya mwezi mwandamo, na hapa tarehe hiyo kila mtu anaijua. Mwezi mpevu na mwezi mchanga huleta bamvua, yaani maji makubwa. Siku hizo kwenye pwani yetu maji hujaa alfajiri na tena alasiri, na hupwa kabisa saa nne au tano asubuhi. Maji yakiwa yamejaa alasiri, vyombo vinaelea karibu na ukuta wa gati, mawimbi yanagonga ngazi, watoto wanajirusha. Yakipwa asubuhi, vyombo vinalala ubavu matopeni, na hapo utawaona mafundi na mabaharia wakikwangua, wakikalafati (kuziba nyufa za mbao) na kupaka sifa, yale mafuta ya samaki. Majahazi ya Lamu yana macho, vibao vya mviringo vilivyopigiliwa omoni. Chombo kikilalia ubavu unayafikia kwa lenzi ya 50mm bila kulowa. Siku za maji mafu, karibu na tarehe saba na nane za mwezi mwandamo, mpangilio unakuwa kinyume na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Mimi siku hizo naachana na ufuko naingia mitaani, Mkomani na Langoni.

Misimu pia ina sauti yake. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta anga kavu na jua la kukata. Kusi huleta upepo, mvua za masika na mawingu mazito yanayotembea. Kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe mimi napenda kusi. Wingu likipita mbele ya jua, kanzu na buibui zinakaribiana, na unapiga sura za watu hata saa saba mchana.

Kupima mwanga

Mkanda ni wa ISO 400, wewe weka 200 kwenye kamera. Hapo umeshaupa stopu moja ya ziada, yaani mwanga mara mbili. Usiongeze tena kwa woga.

Kwa ISO 200 juani kabisa, kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, vipimo ni tundu la lenzi f/16 kwa shata ya 1/250. Huhitaji hata kipima mwanga; jua la Lamu halibadiliki kiasi cha kukuhangaisha. Barazani alasiri, kwenye kivuli kinachoona mbingu, anza na f/5.6 kwa shata ileile. Ndani ya kichochoro chembamba fungua hadi f/2.8 na ushushe shata kwenye 1/60, kisha upime.

Kipima mwanga cha kamera kinadhani dunia nzima ni ya kijivu. Ukikielekeza kwenye mchanga mweupe wa Shela, kijiji cha ufukoni jirani na mji, kitataka kuugeuza kijivu, kwa hiyo fungua stopu moja au moja na nusu kuliko kinavyosema. Ukikielekeza kwa kina mama watatu wenye mabuibui, kitataka kuyafanya kijivu vilevile. Funga stopu moja. Kwa uso wa mtu mweusi, sogea, pima uso peke yake, kisha funga stopu moja, uso utabaki na weusi wake na bado mikunjo itaonekana. Asiyependa kusogelea watu atumie kiganja chake mwenyewe: kiweke kwenye mwanga uleule anaoupata mtu, pima, kisha fungua stopu moja. Kiganja cha mtu wa rangi yoyote kinakaribia kipimo hicho.

Kipimo changu cha mwisho ni kofia. Kofia ya vito ya Lamu imeshonwa kwa mkono, na mapambo yake yametobolewa vishimo vidogo vidogo. Picha ikiwa sawa utaviona vishimo hivyo kimoja kimoja juu ya kichwa cha mvaaji. Vikizibwa na weupe ukawa unaona duara jeupe tu, basi mahali fulani, kwenye kamera au kwenye dawa, umezidisha.

Vichujio

Beba cha njano, kikae kwenye lenzi muda mwingi. Kinakula stopu moja, kinatia mbingu kivuli kidogo na mawingu yanajitenga. Cha chungwa kinakula kama stopu mbili na kinafaa matanga meupe dhidi ya mbingu ya bluu. Chekundu kinakula tatu. Kinaigeuza mbingu karibu nyeusi, na pia kinang'arisha ngozi ya watu hadi wanaonekana si wao. Kwa picha za watu wa pwani usikiguse. Ujue pia kwamba karibu na upeo wa bahari mbingu huwa na utusitusi mweupe wa mvuke, na hakuna chujio litakaloubadilisha. Ukitaka mbingu nzito inua kamera.

Watu

Mji huu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na watu wake wamepigwa picha na wapita njia hadi wamechoka. Kamera ya mkanda inasaidia kwa sababu inakupunguza mwendo, lakini haikupi ruhusa. Salimia kwanza, salamu yenyewe iwe ya kweli, isiwe ya kupitia kuombea picha.

Jioni moja karibu na gati nilimwamkia mzee aliyekuwa akitengeneza wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo kamera ni ya mkanda?"

"Ni ya mkanda, mzee. Naomba nikupige moja."

"Moja tu? Basi ngoja." Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebadili shati na kuvaa kofia, akakaa wima, mikono magotini, kama watu walivyokuwa wakikaa studio.

Mpe mtu nafasi hiyo. Wazee wa hapa waliikulia desturi ya kujitayarisha kwa picha. Studio ya Omar Said Bakor ilikuwa mji huuhuu, na picha zake za kuunganishwa kwa mkono, sura ya mtu ikachomoza ndani ya ua au kitu kingine, zinajulikana mbali na Lamu. Usije ukadhani picha ya kuvizia ndiyo peke yake iliyo ya kweli.

Wanawake usiwapige bila ruhusa, hata kwa mbali, hata kama uso haumo. Ndani ya misikiti usipige mpaka uambiwe ndiyo na mwenye mamlaka ya kusema ndiyo. Wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita, msikiti wa Riyadha na njia zake hufurika watu na wageni wengi hupiga. Hata hivyo uliza, na kaa pembeni. Askari, vituo vyao na boti zao usivielekezee kamera kabisa. Na ukiahidi kumletea mtu picha yake, mletee.

Chumvi na mchanga

Upepo wa bahari una chumvi usiyoiona. Kila usiku futa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji matamu, kisha kikavu. Shela usibadilishe mkanda upepo ukivuma. Punje moja ya mchanga ndani ya kamera itachora mstari kwenye picha zote 36. Chujio likae kwenye lenzi, ni rahisi kununua chujio lingine.

Kusafisha mkanda nyumbani

Hapa ndipo miongozo mingi iliyoandikwa kwa nchi za baridi inapomwangusha mtu wa pwani. Inasema dawa iwe na nyuzi 20. Maji ya bombani Lamu yanakaribia 30. Kuyashusha hadi 20 na kuyashikilia hapo ni vita. Shabaha iwe 24.

Fanya hivi. Nunua barafu kwa wauza samaki, ivunjevunje uitie kwenye chupa mbili za plastiki, uzifunge. Chukua ndoo ya maji, tumbukiza chupa hizo, kisha simamisha ndani yake vyombo vya dawa zako zote na maji ya kusuuzia. Barafu yenyewe isiguse dawa. Koroga maji ya ndoo, angalia kipimajoto, na chupa ya barafu uitoe au uirudishe mpaka vyote vimetulia kwenye 24. Ni lazima vyote vikaribiane: dawa ikiwa 24 na maji ya kusuuzia 30, ngozi ya mkanda inaweza kujikunja ikafanya nyufa ambazo hazitatoka tena.

Kuingiza mkanda kwenye tangi ndani ya mfuko wa giza ni taabu kwa jasho. Fanya usiku feni ikiwa wazi, kausha mikono, na gurudumu la plastiki la kuzungushia mkanda liwe kavu kabisa, la sivyo mkanda unakwama katikati nawe huoni. La chuma halikwami kwa unyevu, ila linataka mazoezi.

Dawa ya kwanza, inayoitokeza picha, ni D-76, ya unga, inayeyushwa siku moja kabla ili ipoe. Siku ya kazi ichanganye nusu kwa nusu na maji. Sababu ya kuizimua ni hesabu. HP5 Plus kwenye D-76 isiyozimuliwa, nyuzi 20, inataka dakika 7 na nusu. Ukipunguza asilimia 20 kwa sababu uliweka ISO 200, unabaki na 6. Kwenye nyuzi 24 muda unakuwa kama asilimia 70 ya ule wa nyuzi 20, sasa uko kwenye dakika 4 na kidogo. Chini ya dakika 5 dawa haienei sawasawa, mbingu inatoka na mawaa. Ukiizimua nusu kwa nusu unaanzia dakika 11. Toa asilimia 20, unapata karibu 9. Kwa nyuzi 24 ni dakika 6 na robo. Hapo una nafasi ya kupumua.

Mimina, pindua tangi mara nne ndani ya sekunde kumi za mwanzo, ligonge mezani kutoa mapovu, kisha pindua mara nne mwanzoni mwa kila dakika. Usitikise kwa hamu. Kutikisa sana kunaongeza ukali, na ukali ndio tunaoukimbia. Muda ukiisha mwaga, suuza kwa maji ya nyuzi zilezile au dawa ya kusimamisha, kisha tia fiksa ya haraka, dawa inayoifanya picha isiathiriwe tena na mwanga, sehemu 1 kwa 4 za maji, dakika 3 hadi 5. Kujua kama fiksa bado ina nguvu, chukua kipande cha ncha ya mkanda kilichobaki, kitumbukize, hesabu muda kinaochukua kuwa angavu, halafu zidisha mara mbili, huo ndio muda wa kuuacha mkanda kwenye fiksa.

Kuosha. Maji matamu ya Lamu yanatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela na si ya kuchezea, kwa hiyo usifungulie bomba nusu saa. Jaza tangi, pindua mara 5, mwaga. Jaza tena, pindua mara 10, mwaga. Jaza tena, mara 20, mwaga. Imetosha. Maji ya bahari nayo yanaondoa fiksa haraka kuliko maji matamu, jambo linalojulikana tangu zamani kwa wapigapicha waliokuwa melini. Ukikosa maji unaweza kuanza na ya bahari, safi na yaliyochujwa, mradi umalizie kwa maji matamu ya kutosha, maana chumvi ikibaki itaula mkanda polepole.

Maji mengi ya visima huacha chumvi yakikauka. Suuza la mwisho liwe la maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri za sola, na usome chupa vizuri kwamba ni maji, si asidi. Tia matone mawili ya dawa ya kuteleza, ile inayofanya maji yatiririke bila kuacha madoa. Ning'iniza mkanda bafuni, dirisha limefungwa, baada ya kumwaga maji sakafuni ili vumbi litulie. Usiukaushe kwa feni.

Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha. Michirizi ya mji huu inapita milangoni mwa watu na kuishia baharini, kwa hiyo usiimwage humo. Iweke kwenye dumu lenye alama, uipeleke maabara ya picha utakaporudi ulikotoka.

Kusoma negativu, kuskani na kuweka

Mkanda ukikauka uelekeze kwenye dirisha. Kwenye negativu buibui ni sehemu angavu: uione mikunjo yake. Ikiwa ni angavu tupu, mkanda unaofuata weka ISO 160. Kofia na kanzu ni sehemu nyeusi: uwe unaweza kuona mwanga ukipenya. Ikiwa hazipenyezi kitu, punguza nusu dakika kwenye dawa. Badilisha kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichosaidia. Kwenye bahasha ya negativu andika tarehe ya mwezi mwandamo, ISO, joto na dakika.

Skana ya bapa yenye taa ya juu inatosha kwa picha za kuchapisha ndogo. Mwenye kamera ya dijitali na lenzi ya karibu anaweza kupiga negativu juu ya kibao cha taa, kazi inakwenda haraka zaidi. Skani ikiwa laini, bila weusi wala weupe mkali, utaongeza baadaye.

Unyevu wa pwani huotesha ukungu kwenye gelatini. Negativu zikae kwenye karatasi zake ndani ya bati linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silika. Silika ya rangi ikibadilika, ikaushe kwenye kikaango kwa moto mdogo sana, iache ipoe, uirudishe. Mikanda ambayo hujaipiga ikae kwenye friji ndani ya mkebe wake, na ukiitoa subiri saa moja au mbili kabla ya kufungua, ili isitoe jasho.